Upande wa Dirishani

Watu wengi hununua redio kwa macho. Wanaingia dukani, wanaona taa za bluu zinachezacheza, besi inatikisa meza, basi, wameshatekwa na mzigo unapakiwa. Mama Masikio hakuwa wa namna hiyo. Alifika dukani Jumamosi saa tatu asubuhi, muuzaji akiwa bado anapangusa vumbi, na alipoonyeshwa mtambo wa spika sita wenye boksi la besi kubwa kama pipa la maji, alitikisa kichwa.

"Mimi nataka risiva ya kuendesha spika, ya njia mbili," alisema. "Kushoto na kulia, basi."

"Mama, hizo za kizamani. Hii ukiiwasha, mtaa mzima utajua umenunua redio."

"Mtaa mzima una redio zake. Na mimi nimepewa masikio mawili tu, hizo spika nyingine nne nitazisikilizia wapi?"

Jina la Mama Masikio alipewa kazini. Alikuwa fundi wa sauti katika kituo cha redio kwa miaka ishirini na miwili, na kuanzia mlinzi wa getini hadi mkuu wa vipindi hakuna aliyemwita vingine. Siku moja alisimamisha mchezo wa redio katikati kwa sababu kuna kitu kilikuwa kinagongagonga. Waigizaji wakaapa kwamba hakuna. Wakapekuana kwa mzaha, wakaikuta saa ya mkononi ndani ya mkoba uliofungwa zipu, kwenye kona ya chumba. Tangu siku hiyo hakuna aliyebishana naye kuhusu sauti, na yeye mwenyewe, tuseme ukweli, alikuwa ameshazoea kutobishiwa.

Alichagua kwa saa tatu, muuzaji akimtazama kama mtu aliyefiwa. Risiva mbili zikabaki mezani. Ya kwanza ilikuwa na sauti tamu, lakini ukiipunguza sana upande mmoja ulikuwa unakufa kabla ya mwenzake. Ya pili ilikuwa nyeusi, haina pambo lolote, nzito mpaka muuzaji alihema kuiinua. Hiyo ukiipunguza, pande zote mbili zilishuka pamoja hadi kimya. Akaigeuza, akakagua sehemu za kufungia waya, akakuta ni za skrubu na si za kubana.

"Nifungie hii, na spika zake mbili," alisema.

Nyumbani mumewe, mwalimu wa hesabu, alitoa futi kamba na kupima sebule kana kwamba anajenga daraja. Spika moja ilikaa dirishani, kushoto, na nyingine mlangoni, kulia. Kiti kikawekwa umbali ule ule kutoka kila moja, na mwalimu akachora alama za chaki sakafuni palipogusa miguu ya kiti.

"Atakayesogeza kiti hiki atafute pa kula," Mama Masikio alitangaza.

"Hata mama yangu akija?"

"Mama yako atakaa kwenye kochi kama wageni wote."

Kwa wiki tatu alifurahi. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alikaa pale na chai yake, akacheza rekodi ya mvua aliyoirekodi mwenyewe, kwa maikrofoni mbili, chini ya paa la bati la shule anakofundisha mumewe. Mvua hiyo ilikuwa inaanzia dirishani, matone machache, inapita juu ya kichwa chake taratibu, inaenda kumwagika mlangoni. Alikuwa anaijua tone kwa tone.

Jumapili ya wiki ya nne aliamka sikio la kushoto limeziba. Alikuwa ameosha nywele jana yake, akasema ni maji. Kulikuwa pia na filimbi nyembamba inayolia humo ndani bila kupumzika, na alipoinuka kitandani ilibidi ashike ukuta. Akajitengenezea chai, akakaa kitini, akawasha mvua.

Mvua yote ilikuwa mlangoni.

Aliinuka, akaenda dirishani, akaigusa spika kwa kiganja. Ilikuwa inatetemeka, inafanya kazi, lakini sauti ilikuja kwa mbali, na hata pale alipokuwa ameiinamia ilionekana kutokea upande wa pili wa chumba. Alisimama pale kiganja kikiwa juu ya spika mpaka rekodi ikaisha.

"Risiva imeanza visa," alimwambia mumewe. "Njia ya kushoto imepungua nguvu."

"Mbona mimi nasikia kama jana?"

"Wewe masikio yako yamejaa chaki."

Kinyozi hajinyoi, na fundi wa sauti hajisikilizi. Miaka ishirini na miwili kazini ilikuwa imemfundisha jambo moja: sauti ikipotea, kibovu ni kifaa. Ni waya, ni soketi, ni skrubu iliyolegea. Unabadilisha kitu kimoja kimoja, huku na huku, mpaka umpate mchawi. Akaanza kubadilisha, na kwa siku kadhaa kazi hiyo ilimpa pa kujificha.

Kazini Jumatatu alivaa hedifoni na upande wa kushoto ukawa kama umezibwa kwa pamba. Akaitupa, akaomba nyingine. Nyingine ikawa hivyo hivyo. Kulikuwa na jaribio jepesi kuliko yote, la kuzivaa kinyume, ya kushoto iende kulia. Sekunde mbili tu. Mkono wake ulipanda mara mbili na mara mbili ukarudi mezani. Alichanganya mchezo wa siku ile kwa macho, akitazama mishale ya miksa, ile mashine ya kuchanganyia sauti: huu ukipanda na ule ukipanda, basi pande zote zipo.

Jioni mkuu wa vipindi alipita mlangoni. "Mama Masikio, yule daktari kwenye mchezo wa leo, mbona kama anaongea akiwa nje ya nyumba?"

"Ndivyo mwandishi alivyotaka," alisema, na moyo wake ukawa unapiga mpaka akahisi mkuu atauona juu ya blauzi.

Si kazi tu aliyokuwa anaiogopa. Alikuwa anamkumbuka mzee aliyemfundisha ufundi. Masikio ya mzee yule yalipochoka, hawakumfukuza, la. Walimpeleka stoo ya kanda za kurekodia, chini ya ngazi, kubandika lebo. Watu wakipita walimsalimu kwa kupiga kelele, naye alicheka na kuitikia lisiloulizwa. Mama Masikio, aliyeonyeshwa kila kitu na mtu huyo, alianza kupitia ngazi za upande wa pili ili asikutane naye. Hakuwahi kumwambia mtu hilo. Sasa kila akifumba macho aliona ile stoo, na meza, na yeye mwenyewe mezani.

Jumanne alibadilisha waya nyuma ya risiva: wa kushoto kulia, wa kulia kushoto. Kama ubovu ni wa risiva, kimya kingehamia mlangoni. Hakikuhama. Jumatano akabadilisha spika zenyewe, akaisukuma ya mlangoni mpaka dirishani kwa magoti. Kimya kikabaki dirishani. Akashusha pazia, akalipandisha, akatoa zulia, akarudisha. Kila jaribio lililoshindwa lilimwondolea kisingizio kimoja, na alijua kuhesabu vilivyobaki.

Alhamisi aliirudisha risiva dukani. Muuzaji akaiunganisha, akaweka muziki, pande zote zikalia.

"Mama, mbona nzima?"

"Hapa kuna makelele. Huwezi kusikia."

"Huyu mteja hapa anasikia. Kaka, zote zinalia?"

"Zote," alisema mteja, maskini wa watu, amekuja kununua balbu tu.

"Nibadilishie," Mama Masikio alisema.

Akabadilishiwa. Mpya nayo ikawa hivyo hivyo. Jumamosi alikuwa tena pale mlangoni, risiva kwenye kikapu, amevimba kwa hasira, na mbele ya wateja watano akamwambia muuzaji kwamba anauza mali bandia na kwamba watu wa aina yake ndio wanaoharibu nchi. Muuzaji alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama," alisema polepole, "mimi na wewe hatujagombana. Nimekupa mbili, zote nzima. Ninayo moja tu imebaki. Ichukue. Lakini ikiwa na hii ni mbovu, mimi sitajua tena cha kufanya, na wewe pia jiulize."

Aliichukua bila kumtazama usoni. Risiva ya tatu ilikaa sebuleni siku mbili kwenye boksi lake, kwa sababu aliogopa kuiwasha.

Simu alikuwa ameshahamishia sikio la kulia, akisema spika ya simu imechoka. Mumewe akimwita kutoka jikoni aligeuka kwanza mlangoni, hata kama jikoni ni upande wa pili. Kitandani alilalia sikio la kulia kwa bahati mbaya, akashtuka na kukaa, kwa sababu dunia ilizima yote na ikabaki ile filimbi. Hakulala tena upande huo. Alianza kuliogopea hilo la kulia pia, akilipapasa kila saa kama mtu anayehakikisha funguo bado zipo mfukoni.

Jumatatu saa nane mchana, akivuka barabara mbele ya kituo cha redio, pikipiki ilimpitia kushoto kwa karibu hivi kwamba kioo chake kilimnasa mkono wa gauni na kuuchana. Hakuwa ameisikia kabisa. Ilitokea tu ikiwa imeshafika, kama iliyodondoka kutoka juu. Dereva alisimama mbele, miguu chini.

"Mama, nimepiga honi tangu kule kwenye kona. Hukusikia?"

"Nilikuwa na mawazo," alisema.

"Mawazo gani hayo? Ningekuua."

Alifika ng'ambo, akakaa kwenye ngazi za benki, mkono wa gauni ukining'inia. Magari yalipita na yote yalipita kulia, hata yale aliyoyaona kwa macho yake yakitoka kushoto. Akasema moyoni kwamba ni uchovu. Aliposema hivyo hakujiamini hata yeye.

Kesho yake mwalimu alirudi mapema, akamkuta sebuleni amepiga magoti nyuma ya risiva ya tatu, bisibisi mkononi, waya zimetapakaa. Mvua ilikuwa inanyesha kwenye spika. Mwalimu alikaa kwenye kile kiti kilichopigwa marufuku, akasikiliza mpaka mwisho. Huyu ni mtu anayeweza kumngoja mwanafunzi ubaoni dakika kumi bila kumpa jibu.

"Zote zinalia, mke wangu."

"Usianze."

"Sianzi. Nauliza tu. Umebadilisha waya?"

"Ndiyo."

"Spika?"

"Ndiyo."

"Risiva?"

"Mara mbili, wewe unajua."

"Pazia, zulia, soketi ya ukutani." Alikuwa anahesabu kwa vidole. "Kila kitu umekibadilisha na kimya hakijasogea. Kuna kitu gani hapa ndani hujakibadilisha?"

Mama Masikio aliiweka bisibisi chini. Mwalimu aliinuka, akakishika kiti, na mbele ya macho yake akakitoa kwenye alama za chaki na kukigeuza kielekee ukutani, mgongo kwa spika.

"Njoo ukae."

"Sikai kinyume kama mtoto aliyeadhibiwa."

"Njoo ukae, mama watoto."

Sauti yake ilikuwa ya upole kiasi kwamba ilimtisha kuliko kama angefoka. Alikuja, akakaa. Sasa dirisha lilikuwa kulia kwake na mlango kushoto. Mwalimu akaianzisha mvua upya. Ikaanza kunyesha, na yote, matone ya mwanzo na mafuriko ya mwisho, ilikuwa dirishani. Mlangoni palikuwa pakavu.

"Wapi?" mumewe aliuliza.

"Kiti hiki ni kibovu," alisema.

Mwalimu hakucheka. Alizima risiva. "Kesho hatuendi kazini, mimi na wewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sijamaliza kuishi na wewe."

Hospitalini Jumatano walipewa fomu. Mwalimu aliijaza, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, Mama Masikio alisoma kwamba kwa kuwa bima ni ya kazini, nakala ya majibu itapelekwa kwa mwajiri. Aliisoma mara tatu. Mumewe alimpigapiga mkono, akabaki nje kwenye benchi.

Chumba cha kupimia kilikuwa kama kabati kubwa, kuta zake zimevishwa sponji, kidirisha kimoja cha kioo. Alikijua. Maisha yake yote ya kazi alikuwa amekaa mbele ya vyumba kama hicho, ila siku zote upande wa pili wa kioo. Fundi wa vipimo, kijana mnene mwenye miwani, alimvisha hedifoni na kumpa kitufe mkononi.

"Ukisikia mlio, hata ukiwa mdogo vipi, bonyeza. Usiposikia, usibonyeze. Hakuna kushinda wala kushindwa hapa. Tunaanza kulia."

Kulia kulikuwa safi. Alisikia milio ambayo wengi wangeiota tu, na kwa muda mfupi fahari yake ya zamani ilimrudia. Lakini alikuwa anafanya jambo jingine pia, kwa mazoea ya kazi: alikuwa anahesabu. Fundi alikuwa na mwendo wake. Mlio, kupumzika, kupumzika kidogo zaidi, mlio. Na kila alipobonyeza kwenye mashine yake, bega la mkono wa kulia lilipanda kidogo, na bega hilo lilionekana vizuri kabisa kwenye kioo cha saa ya ukutani nyuma yake.

"Sasa kushoto," fundi alisema, na sauti hiyo nayo ilikuja kulia.

Kimya. Ile filimbi tu. Alitega sikio kama hajawahi kulitega, alijikaza mpaka taya zikauma, akilisihi. Hapakuwa na kitu. Kwenye kioo cha saa bega likapanda. Akaiona stoo ya kanda, akaona lebo, akabonyeza.

Bega likapanda, akabonyeza. Kupumzika, kupumzika kidogo zaidi, akabonyeza. Alijua hata kukosea kwa makusudi mara moja mbili, apate majibu ya mtu wa umri wake. Ulikuwa ufundi, na aliufanya vizuri, na wakati wote machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye mapaja bila yeye kuyapa ruhusa.

Mlango ukafunguliwa. Fundi aliingia, akazunguka mpaka upande wake wa kulia, akavuta kigoda na kukaa karibu. Akamvua hedifoni taratibu.

"Mama," alisema, "kushoto nilipiga milio sita ya kwanza, mikubwa kabisa, ukaibonyeza. Nikaona unatazama saa. Baada ya hapo sikupiga chochote. Nilikuwa nasogeza mkono tu. Umebonyeza mara kumi na nne."

Alifungua mdomo kumwambia kwamba mashine yake ni mbovu. Maneno yalikuwa tayari, ameyasema wiki nzima kwa kila mtu. Yaligoma.

"Sisikii," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti, na aliogopa kulisikia. "Upande huu sisikii kitu. Naogopa, mwanangu. Naogopa sana."

Fundi aliitikia kwa kichwa. "Tangu lini?"

"Jumapili."

"Hii iliyopita?"

"Ile ya kabla yake. Leo ni siku ya kumi na moja."

"Ilikuja kidogo kidogo?"

"Nililala mzima. Nikaamka hivi."

Kalamu ya fundi ilisimama. "Na siku zote hizi kumi na moja umekuwa unatumia dawa gani?"

Mama Masikio alifuta uso kwa mkono wa gauni. "Nilikuwa nabadilisha redio."

Kijana hakucheka. Alimtazama, akatazama kalenda iliyobandikwa kwenye mlango, midomo yake ikihesabu bila sauti.

"Sikiliza. Sikio likizima ghafla hivi, kuna dawa, lakini ina muda wake. Siku za mwanzo ndizo nzuri. Ikifika wiki mbili, daktari anaandika tu kwamba umefika. Siwezi kukuahidi chochote. Kaa hapo hapo, usiinuke."

Akachukua fomu, na yeye, aliyekuwa amejivuta asubuhi nzima kati ya mashine na meza kama mtu asiye na safari, alitoka mbio kumwita daktari, mlango akauacha wazi nyuma yake.